Je, wajua kwa nini majasusi wa Ujerumani Mashariki waliwatongoza makatibu muhtasi, si majenerali?

Katika riwaya za mapenzi na ujasusi utamkuta mtu yuleyule: mwanamke mrembo anayemlewesha jenerali na kuondoka na siri kabla hakujapambazuka. Mfano unaotajwa daima ni Mata Hari, mcheza dansi Mholanzi aliyepigwa risasi na Wafaransa Oktoba 1917. Lakini kesi yake ilikuwa dhaifu, na wanahistoria wengi wanatilia shaka kama aliwahi kuwapa Wajerumani siri yoyote ya maana. Yaani mwanamke aliyezaa riwaya zote hizo huenda hakuwa jasusi wa kutajika hata kidogo.

Tena hata jinsia imegeuzwa. Mpango wa mapenzi uliovuna siri kwelikweli ulitumia wanaume, na waliowindwa hawakuwa wakubwa. Markus Wolf, aliyeongoza ujasusi wa nje wa Ujerumani Mashariki kwa zaidi ya miaka 30 hadi 1986, aliwatuma wanaume Bonn, makao ya serikali ya Ujerumani Magharibi, wakajenge uhusiano na makatibu muhtasi. Magazeti yaliwabatiza jina la Romeo. Sura ya sinema haikuwa sharti. Subira na kujua kusikiliza vilikuwa na faida zaidi.

Kwa nini katibu muhtasi? Ukitaka kujua nani mtaani anadaiwa nini, humuulizi mwenye duka, ambaye hata hakumbuki. Unamtafuta kijana anayeandika daftari la madeni. Waziri husoma waraka mara moja, akautia sahihi, akaenda zake. Katibu wake ameuchapa, ameurudia kuondoa makosa, ametoa nakala kwa karatasi ya kaboni, na ndiye anayejua umehifadhiwa kabati gani. Waziri akiangushwa kwenye uchaguzi, katibu bado yupo mezani pake. Na hakuna aliyemshuku, kwa kuwa hakuna aliyemtazama.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia navyo vilikuwa vimeua mamilioni ya wanaume wa Kijerumani, na Bonn ilikuwa mji mdogo uliojaa wafanyakazi waliohamia kutoka mbali. Mwanaume mpole mwenye nafasi jioni alikuwa adimu.

Baadhi ya wanawake hao hawakujua wanamtumikia nani. Waliambiwa habari zinakwenda kwa nchi rafiki ya Magharibi. Wolf alisimulia kisa cha mmoja, Mkatoliki, aliyesumbuliwa na dhamiri akataka kuungama. Basi akatafutiwa padri huko Denmark, akamsikiliza na kumwondolea dhambi zake. Padri huyo alikuwa mtu wa idara ya Wolf. Kisa hiki kipokewe kwa tahadhari kidogo: sehemu kubwa ya majalada ya idara iliharibiwa 1989 na 1990, na Wolf alijua kunogesha hadithi.

Kisa cha Gabriele Gast ndicho riwaya ingekiogopa kwa kutoaminika. Mwaka 1968, akiwa mwanafunzi wa Magharibi anayetafiti nafasi ya wanawake katika siasa za Mashariki, alikutana huko Karl-Marx-Stadt, mji wa Ujerumani Mashariki, na mwanaume aliyejiita Karl-Heinz Schmidt. Alikuwa ofisa wa Stasi, idara ya usalama wa taifa ya Ujerumani Mashariki. Wakapendana, na mwaka 1973 Gast akaajiriwa na idara ya ujasusi ya Magharibi yenyewe. Huko akapanda vyeo, akawa anaandika taarifa za uchambuzi kuhusu Urusi ya Kisovieti, na baadhi zilifika kwa Kansela, mkuu wa serikali ya Ujerumani Magharibi. Upande wa pili wa ukuta zilisomwa pia.

Si wote walioishia hivyo. Leonore Sütterlin, wa wizara ya mambo ya nje mjini Bonn, alikamatwa 1967. Alipoelezwa kwamba mumewe alimwoa kwa amri ya Wasovieti, alijiua rumande. Gast alidumu hadi 1990, alipotajwa na ofisa wa upande aliokuwa akiutumikia, Ujerumani mbili zikikaribia kuungana. Mwaka uliofuata alihukumiwa kifungo cha miaka 6 na miezi 9.