Kulala kwenye boti ndogo ya matanga: yanayosemwa bandarini na yanayokukuta njiani

Boti ndogo za matanga zinazozunguka bahari, nyingi zikiwa na urefu wa mita 9 hadi 13, hutia nanga Kilifi, Tanga, Msasani na Mikindani. Wenyewe mara nyingi ni watu wawili tu, na wakati mwingine huhitaji mkono wa ziada hadi bandari ifuatayo. Vijana wetu wa pwani huitikia upesi. Huuliza malipo, huuliza chakula, huuliza safari ni ya siku ngapi, lakini watalala wapi hawaulizi. Nami sikuuliza nilipopanda mara ya kwanza, Kilifi kwenda Unguja, maili za bahari kama 150, kaskazi ikitusukuma kwa nyuma. Nilikuwa nimebeba kichwani dhana karibu zote zilizomo humu.

Dhana: Chumba cha omo, yaani cha mbele ya boti, ndicho bora, kwa kuwa kina kitanda kikubwa na mlango wake

Ukiingia boti ikiwa imetulia kwenye nanga utakubali bila ubishi. Kitanda cha omo kina umbo la pembetatu, kipana mabegani na chembamba miguuni, na juu yake kuna kidirisha kinachonasa upepo. Bandarini hata leo nakichagua hicho.

Njiani mambo ni mengine. Chombo kinachokata mawimbi hucheza kama ubao wa pembea ya watoto: katikati hapasogei sana, ncha ndizo zinazopanda na kushuka. Aliyelala omo hunyanyuliwa pamoja na godoro, kisha godoro linamtangulia kushuka. Maji yanapiga ubavu wa boti karibu kabisa na sikio lake, na mnyororo wa nanga unagongagonga ndani ya sanduku lake papo hapo mbele. Mimi nilivumilia saa mbili, nikatoka na kigegezi changu nikajilaza sakafuni, katikati ya boti, juu ya tanga lililokunjwa. Nikalala. Asubuhi mwenye boti akaniambia kwamba bahari ikichafuka naye hulala hapo hapo.

Enda tezi na omo, marejeo ni ngamani, walisema wazee: tezi ni nyuma ya chombo, ngama ni chini kabisa ndani yake. Wao walikusudia jambo jingine, lakini anayetafuta usingizi baharini anaweza kuyachukua maneno hayo kama yalivyo. Chini, katikati, karibu na ngama, ndipo mwili unapotulia.

Dhana: Kitanda kikiwa kipana, usingizi ni mzuri zaidi

Nyumbani ni kweli. Chombo kikienda mrama, mwili uliolala kwenye kitanda kipana hubingirika huku na huku, na misuli hufanya kazi usiku kucha kuuzuia. Unaamka umechoka kuliko ulivyolala. Kitanda cha upana wa sentimita 55 au 60 hukubana mabegani na nyongani, na kule kubanwa ndiko kunakouruhusu mwili kulegea.

Boti ikilalia upande mmoja, aliyelala upande wa demani, kule upepo unakoelekea, huegemea ubavu wa chombo na hana pa kuangukia. Aliyelala joshini, kule unakotoka upepo, anaelekea kumwagika sakafuni, na boti ikibisha, yaani ikigeuzwa upepo uipige upande wa pili, wawili hao wanabadilishana hali. Dawa yake ni kipande cha turubai. Ukingo wake wa chini umefungwa chini ya godoro, ule wa juu unavutwa kwa kamba hadi kwenye vishikio vya darini, na wewe unalala kama mtoto kwenye beleko. Fundo lake liwe la kufunguka kwa mvuto mmoja, kwani ukiitwa sitahani gizani huna muda wa kuhangaika nalo.

Dhana: Boti "ya kulaza watu 6" itawalaza sita

Tangazo halisemi uongo, ila limehesabia bandarini. Chukua boti ya mita 10. Wawili omo, wawili kwenye meza inayoshushwa ikawa kitanda, mmoja kwenye kiti kirefu cha upande wa pili, mmoja kwenye kishimo cha nyuma chini ya sitaha. Toka sasa baharini. Omo hakulaliki, meza inahitajika, na vilivyobaki ni vitanda viwili, pengine vitatu.

Vinatosha kwa sababu ya zamu. Kila wakati kuna aliye macho, hivyo watu wawili hugawana kitanda kimoja, huyu akitoka yule anaingia, na godoro halipati kupoa. Ukiitwa safari ya namna hiyo beba shuka lako mwenyewe, au kikoi, ambacho hukauka upesi. Na usiingie kitandani na nguo iliyorushiwa maji ya bahari. Chumvi huvuta unyevu wa hewani, kwa hiyo godoro lililokolea chumvi linarudia ubichi kila usiku hata likianikwa juani mchana kutwa. Ni maji baridi tu yanayoitoa.

Dhana: Usukani wa kujiendesha ukiwashwa, wote mnaweza kulala

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa kuwa anayeweza kufa si yule aliyelala.

Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972, katika kanuni ya 5, zinataka kila chombo kiwe na ulinzi wa macho na masikio wakati wote. Boti ndogo haikusamehewa, wala anayesafiri peke yake. Sababu yake inahesabika. Mtu ambaye macho yake yako mita 2 juu ya maji huona upeo wa bahari umbali wa maili za bahari 3 hivi. Meli inayokwenda maili za bahari 20 kwa saa humaliza umbali huo kwa dakika 9. Taa zake za juu huonekana mbali zaidi, lakini hata hivyo muda ni mfupi.

Wapo wasafiri wa peke yao, na ni lazima walale. Robin Knox-Johnston aliizunguka dunia bila kutua popote kwa siku 312, tangu Juni 1968 hadi Aprili 1969, ndani ya Suhaili, boti ya mbao iliyoundwa Bombay na isiyofika mita 10. Hakuna mwili unaokesha siku 312. Wengi wa aina yake hulala vipande vya dakika 15 au 20 penye meli, na huongeza kidogo wakiwa mbali na njia zao. Wanajua kwamba kila kipande ni hatari wanayoichukua.

Mwambao wetu si bahari kuu. Usiku kuna ngalawa na mitumbwi ya uvuvi, na mvuvi ana tochi tu, au hana. Vifaa vya kuonyesha meli zilizo karibu huziona zile tu zenye mtambo wa kujitangaza, na mbao ya ngalawa hairudishi mawimbi ya rada vya kutosha. Jicho la binadamu ndilo linaloweza kumwona mtu yule. Nahodha akikuambia ulale wakati wa zamu yako kwa kuwa mashine inaendesha, mkatalie.

Dhana: Mwenye kigegezi asiingie ndani kabisa

Nusu ni kweli. Akikaa ndani macho wazi, akisoma au kukata vitunguu, atazidiwa, kwani sikio la ndani linahisi mwendo ambao macho hayauoni. Akilala chali katikati ya boti, macho ameyafumba, wengi hupata nafuu. Taabu iko kati ya ngazi na kitanda. Avue viatu na koti ngazini, ajilaze mara moja.

Dhana: Kidirisha kimoja kikiwa wazi, jiko la mkaa ndani halina neno

Linaua, na jenereta vilevile. Gesi ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na aliyelala haamki kuikimbia. Mkaa usiingie mnamolala watu, na kengele ya kuinusa gesi hiyo iwe karibu na vitanda.

Dhana: Nanga ikishika, kazi imekwisha

Kwetu, maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hupanda karibu mita 4. Tuseme umetia nanga maji yakiwa yamekupwa, kina ni mita 4, na kutoka majini hadi omo ni mita 1. Unatoa mnyororo mara 5 ya jumla hiyo, yaani mita 25, unalala. Baada ya saa sita, jumla ni mita 9 na mnyororo wako haufiki hata mara 3. Nanga inaanza kukokota usiku wa manane, watu wote wakiwa usingizini. Hesabu hiyo hupigwa kwa maji kujaa: mita 45, pawepo na nafasi ya boti kuzunguka.

Kisha washa taa nyeupe ionekanayo pande zote, uweke kengele ya setilaiti inayolia boti ikihama, na utege saa ikuamshe maji yakijaa. Panda sitahani, tazama taa za ufukweni, shika mnyororo kwa mkono usikie kama unatetema. Mnyororo ukiwa umetulia, rudi kitandani. Usiku huo hata omo kunalalika.