Kitambi hakizuii karate

"Sensei, nipe miezi mitatu nitoe hiki kitambi, halafu nitakuja." Mimi ni mwalimu wa karate hapa Mombasa, na nayasikia haya Tudor, nayasikia kivukoni Likoni, nayasikia hata matangani. Msemaji huwa ni baba wa miaka 45 au mama aliyekwisha kuozesha, ana hamu ya karate tangu utotoni, na amejiaminisha kwamba mlangoni kwangu kuna mizani. Hakuna. Na hao wa miezi mitatu wengi wao nakutana nao Idi, kitambi ni kile kile na ahadi ni mpya.

Kukimbia alfajiri ufukweni Mama Ngina kunafaa moyo na mapafu, sibishi. Lakini mkimbiaji huenda mbele tu. Karate inakutaka urudi nyuma, uende upande, uzungushe nyonga, usimame kwa mguu mmoja huku wa pili uko hewani. Mwili hujifunza hayo kwa kuyafanya. Nimewapokea watu wa jimu wenye vifua vya kutisha, na kwa teke la mbele la kwanza wakatafuta ukuta wa kushika.

Hao hasa ndio wanaonitia wasiwasi. Msuli hupata nguvu kwa wiki chache, kano hutaka miezi. Mtu wa 40 na ushee anajiona yuko tayari, siku ya pili anataka kuruka. Kano ya kisigino ikikatika, unahisi umepigwa teke kwa nyuma. Ukigeuka, hamna mtu. Kupona ni miezi mingi, na huwapata zaidi wanaume wa makamo wanaocheza mara mojamoja kwa pupa. Aliyekuja na kitambi chake na woga kidogo huenda pole pole, nami ndivyo nitakavyo.

Kungoja nako kuna gharama. Kuanzia umri wa miaka 30 mwili hupoteza takriban asilimia 3 hadi 8 ya misuli kila miaka kumi, hasa ukikaa tu barazani. Na wale wanaojifunga nailoni tumboni ili "wayeyushe" kwanza, tafadhalini! Kinachotoka ni maji, na ukinywa yanarudi. Kwa joto la Februari hapa kwetu, ambapo jasho lenyewe halikauki, hiyo ni njia ya kuzimia.

Wanafunzi wangu wa umri huo huja mara mbili kwa wiki, saa moja, baada ya Isha. Miezi mitatu ya mwanzo hakuna kuruka wala kumite, yaani kupigana na mwenzako: ni kihon (mazoezi ya msingi), kata fupi (mfuatano wa mapigo unaofanya peke yako), na kuanguka. Hapo kwenye kuanguka hunung'unika kwamba hiyo ni judo. Sawa, ni judo. Mtu wa miaka 55 atateleza bafuni kwake kabla hajashambuliwa na yeyote. Tena ukipiga mswaki, simama mguu mmoja, kisha badilisha. Nalisema hili kila darasa, na najua hawalifanyi.

Mengine hayahitaji maneno mengi.

"Karate huua magoti." Goti huumia likiachwa liangukie ndani kwenye zenkutsu, ule msimamo mrefu wa goti la mbele kukunjwa, au ukipiga mawashi, teke la kuzunguka, bila kugeuza mguu wa chini. Hapo mlaumu mwalimu asiyetazama. Fupisha msimamo, goti lifuate vidole.

"Lazima nipige msamba." Nani kasema? Teke la usawa wa tumbo latosha maisha yako yote.

"Nina pressha." Basi njoo, almradi daktari wako anajua na dawa unameza. Kipimo kikiwa 180 kwa 110 au zaidi, nakurudisha kliniki siku hiyo hiyo. Kila ngumi toa pumzi. Kuibana ndiko kunakopandisha pressha. Mwenye sukari akague nyayo kabla na baada ya darasa, maana tunafanya pekupeku na mguu wenye ganzi hauhisi kidonda. Anayejidunga insulini aweke kitu kitamu karibu. Gi, vazi letu la karate, haina mfuko, kiweke pale ukutani.

"Sisi wa hijabu hatuwezi." Feryal Abdelaziz wa Misri alitwaa dhahabu ya kumite kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 akiwa amevaa hijabu yake. Lingine?

Lingine ni hili la vijana wa mapanga: "Nikisoma mwaka mmoja nitawakabili." Hutawakabili. Hata ukisoma kumi, toa simu, toa pochi, mikono wazi, urudi nyuma. Kurudi nyuma bila kujikwaa tumekufundisha tangu wiki ya kwanza. Na kama unakijua kichochoro wanachokaa, pita barabara kubwa, hata kama tuktuk itakuzidishia shilingi hamsini.