Ismene hakuwa mwoga tu

Kila klabu ya maigizo ya sekondari hapa Mbeya inapogusa *Antigone*, tanzia ya Mgiriki wa kale Sophocles ya mwaka 441 KK hivi, nasikia maelezo yaleyale: Antigone shujaa, mdogo wake Ismene mwoga, amewekwa pale ili mwenzake ang'ae. Nusu yake ni kweli.

Mjomba wao, Mfalme Creon, amekataza Polynices, kaka yao aliyekufa, asizikwe. Kwa mtu wa Rungwe, ambako msiba husimamisha shamba na soko, uzito wa katazo hilo hauhitaji tafsiri. Antigone anaamua kuzika. Ismene anakataa: wao ni wanawake, watawala wana nguvu.

Wengi huishia hapo. Lakini Antigone akishakamatwa, Ismene analetwa mbele ya Creon na kusema naye ameshiriki, tayari kufa pamoja na dada yake. Anayemkataa ni Antigone mwenyewe, tena kwa ukali. Ismene ndiye anayemkumbusha Creon kwamba Antigone anayetaka kumuua ni mchumba wa mwanawe, Haemon. Mwoga gani huyo?

Wahusika wa namna hii hulinganishwa ili kila mmoja amfichue mwenzake. Upole wa Ismene unatuonyesha ubaridi wa Antigone kwa walio hai. Baadaye Antigone anajiita wa mwisho wa ukoo wake, ilhali mdogo wake yu hai! Binafsi, mstari huo hunichoma kuliko kifo chenyewe.

Creon anamwachia Ismene, naye harudi tena jukwaani.