Kwa nini joto la mji mkubwa haliondoki jua likizama

Redio ikitangaza nyuzijoto 34 na mtu akatoka mtaani akahisi kama ameingia tanuri, hajakosea, wala redio haijadanganya. Kipimajoto cha kituo cha hali ya hewa hukaa kivulini, ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu, karibu mita moja na nusu juu ya nyasi, na mara nyingi kiko uwanja wa ndege. Kinapima hewa tu. Lami inayochoma miguu, ukuta unaotoa vukuto ubavuni na upepo uliozibwa na maghorofa havimo katika namba ile.

Mwanzoni mwa karne ya 19 Mwingereza Luke Howard, yuleyule aliyeyapa mawingu majina ya Kilatini yanayotumika hadi leo, alilinganisha vipimo vya katikati ya London na vya nje ya mji. Mchana hakukuwa na tofauti ya maana. Mji ulikuwa hata na ubaridi kidogo zaidi. Usiku mji ulizidi kwa nyuzijoto 2 hivi. Miji ya leo ni mikubwa zaidi, na usiku wa shwari usio na mawingu tofauti inaweza kukaribia nyuzijoto 10, lakini jambo la msingi ni lilelile: joto la mji ni tatizo la usiku kuliko la adhuhuri.

Sababu ya kwanza ni maji. Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke hula nishati sawa na ya pasi ya wati 1,000 iliyowashwa kwa dakika 40. Penye udongo mbichi na mimea, sehemu kubwa ya nguvu ya jua huishia katika kazi hiyo, na hewa haipati nafasi ya kuchemka. Mti mkubwa wenye maji ya kutosha unaweza kutoa zaidi ya lita 100 za mvuke kwa siku moja ya joto. Mjini mvua ikinyesha huingia mtaroni ndani ya dakika chache, na kesho yake jua halina cha kukausha. Nguvu yote inaingia kwenye zege na lami.

Lami mpya hurudisha takriban asilimia 5 tu ya mwanga wa jua. Iliyochakaa hufika 10 hadi 15. Uso wake hupita nyuzijoto 60 bila shida mchana wa jua kali. Wengi hulaumu bati, na kweli mchana bati ni adui, lakini ni jembamba: jua likishuka, nalo hupoa upesi. Zege ndilo linaloficha joto. Paa la zege la unene wa sentimita 15 huchukua takriban saa nne kupitisha joto kutoka juu hadi dari ya chini. Kwa hiyo jua la saa 8 mchana linamfikia mkaazi wa ghorofa ya mwisho saa 12 jioni, wakati anajiandaa kupumzika.

Joto hilo lingeweza kuondoka kama lingekuwa na njia. Ardhi iliyo wazi hutazamana na anga zima na kurusha joto lake juu usiku kucha. Mtaa mwembamba kati ya maghorofa huona ufito tu wa anga. Mionzi inayotoka ukuta huu hugonga ukuta wa pili, nao huirudisha. Mchana majengo hayohayo hutupa kivuli, na hilo husaidia kueleza kwa nini Howard hakuona tofauti ya maana saa za jua. Juu ya hayo kuna injini na viyoyozi. Kiyoyozi hakiui joto, hulihamisha: kikitoa sehemu tatu za joto chumbani na kutumia sehemu moja ya umeme, hutupa sehemu nne nje, kwenye dirisha la jirani.

Sasa nini kifanyike nyumbani? Kanuni ya kufungua madirisha asubuhi na kuyaacha hivyo mchana kutwa huwaponza wengi. Weka vipimajoto viwili, kimoja ndani na kimoja nje kivulini. Nje kukiwa na joto zaidi, funga. Kukipoa kuliko ndani, fungua madirisha mawili yanayoelekeana ili hewa ipite. Mjini wakati huo huweza kuchelewa hadi saa 3 au 4 usiku. Zuia jua kabla halijagusa kioo, kwa turubai, chiki au mbao za nje, hasa upande wa magharibi. Pazia la ndani husaidia kidogo tu, kwa sababu mwanga umeshaingia na kugeuka joto ndani ya chumba.

Feni haipunguzi joto la hewa. Inaharakisha kukauka kwa jasho. Hewa ikizidi nyuzijoto 40, inaweza kuuongezea mwili joto badala ya kuupoza. Hapo lowesha ngozi na nguo kwa maji. Wenye kiyoyozi wakiweka 27 na kuwasha feni pembeni, watapata nafuu ileile kwa umeme mdogo.

Rangi nyeupe ya paa ni kazi yenye faida kubwa ikifanywa vizuri. Ikiwa mpya hurudisha karibu asilimia 80 ya mwanga. Bati lisuguliwe kutu kwa brashi ya waya, lipakwe praima, kisha rangi mara mbili. Zege lizibwe nyufa na likauke kabisa, maana unyevu ukinaswa chini, rangi hutoa malengelenge na kubanduka. Vumbi na ukungu huipunguzia nguvu, kwa hiyo ioshwe kila mwaka. Kupaka barabara rangi nyepesi ni suala jingine: lami hupoa, ila mwenda kwa miguu wa adhuhuri hupigwa na mwanga unaorudi juu. Kwake mti ni bora, mradi shina lisizungushiwe saruji. Mti wenye kiu hufunga vitundu vya majani yake, ukabaki na kivuli tu.

Mwaka 1995 joto la Julai liliua zaidi ya watu 700 huko Chicago, na Agosti 2003 Ufaransa ilipoteza takriban 15,000. Wengi walikuwa wazee, na usiku haukuwapa ahueni. Anayemwangalia mzee aliye peke yake ghorofa ya juu asiende adhuhuri pekee; arudi kati ya saa 12 jioni na saa 4 usiku, chumba kinapokuwa kimeiva. Akimkuta amechanganyikiwa, ulimi mzito, mwili wa moto, hata kama bado anatokwa jasho, aite msaada wa hospitali, amvue nguo za juu, ammwagie maji mwili mzima na kumpepea bila kukoma hadi msaada ufike. Asimnyweshe kitu ikiwa hana fahamu kamili.