Baruti Pungufu Si Usalama: Tunachopaswa Kujua Kuhusu Kartushi za Rivolva Zinazojazwa Upya

Kati ya maswali yanayofika katika maabara yetu ya metali hapa Lubumbashi, liko moja linalorudi kila mara, hasa kutoka kwa walinzi, wawindaji na wanunuzi wa mitraye, yaani vyuma chakavu: je, kartushi ya rivolva yenye nguvu kubwa, ikijazwa upya kwa mkono na kuwekewa baruti kidogo kuliko ya kiwandani, si salama zaidi kuliko ile ya kiwandani? Fikra hiyo inaonekana ya busara, kwa kuwa mtu hudhani kwamba akipunguza baruti amepunguza hatari kwa kiasi kile kile. Sivyo mambo yanavyokwenda ndani ya chuma. Baruti inapopungua, hatari moja hupungua kweli, lakini nyingine mbili tatu huzaliwa, na hizo haziko wazi machoni pa mtu asiyezijua.

Katika maelezo haya, kartushi ni kitu kizima kabla hakijapigwa, na risasi ni kile kipande kinachoruka. Kartushi ina sehemu nne: ganda, kiwashio kilichokaa katikati ya kitako, baruti, na risasi iliyobanwa mdomoni. Katika hizo nne, ganda ndilo linalodharauliwa zaidi, na kwa maoni yangu ndilo linalostahili kuelezwa kwanza.

Ganda hutengenezwa kwa letoni, yaani mchanganyiko wa takriban asilimia 70 ya shaba na asilimia 30 ya zinki. Metali zote mbili tunazo nyumbani. Shaba ilianza kuyeyushwa katika mji huu mwaka 1911, na zinki ipo Kipushi, kilomita 30 hivi kutoka hapa, katika mgodi uliosimama mwaka 1993 na kurudi kuzalisha mwaka 2024. Mchanganyiko huo ulichaguliwa kwa sababu una tabia mbili ambazo ni nadra kupatikana pamoja: hunyumbuka bila kupasuka, kisha hurudi karibu na umbo lake. Baruti inapowaka, kuta za ganda hutanuka na kugandamana na kuta za chumba cha silinda, kile kipande cha rivolva kinachozunguka na kubeba kartushi, hivyo gesi haipati njia ya kurudi nyuma kuelekea usoni mwa mpigaji. Shinikizo likishuka, ganda hujikunyata kidogo, nalo hutoka kwa kusukumwa na kidole.

Kazi hiyo ina gharama yake. Kila ganda linapotanuka, kisha likabanwa upya katika kalibu ili lipokee risasi nyingine, letoni huzidi kuwa ngumu na kukakamaa, mpaka siku moja mdomo wake unachanika kwa urefu au mstari unaong'aa unatokea kuzunguka ganda, juu kidogo ya kitako. Mstari huo ni dalili kwamba ukuta umekonda kwa ndani na unakaribia kukatika. Mafundi wa metali wanajua kwamba letoni iliyokakamaa hulainishwa kwa moto, na hapo ndipo wengine wanapojidanganya: wanatia ganda zima katika makaa. Mdomo unalainika kama walivyotaka, lakini kitako nacho kinalainika, na kitako ni sehemu ambayo haipaswi kamwe kupoteza ugumu wake, kwa sababu ndicho kinachozuia gesi nyuma. Ganda lililopikwa hivyo linaweza kuonekana zuri kuliko jipya, na halifai tena kwa lolote isipokuwa kuyeyushwa.

Adui mwingine wa letoni ni amonia. Jeshi la Uingereza nchini India liliona zamani kwamba maganda yaliyohifadhiwa karibu na mazizi ya farasi wakati wa mvua za masika yalipasuka yenyewe rafuni, bila mtu kuyagusa. Mvuke wa mkojo wa wanyama pamoja na unyevu ulikuwa umeshambulia letoni ambayo tayari ilikuwa na mkazo ndani yake kutokana na kukunjwa kiwandani. Kwetu hapa, kartushi iliyofichwa miaka kadhaa karibu na choo cha shimo, banda la mbuzi au mfuko wa mbolea ya urea iko katika mazingira yale yale. Na wale wanaosafisha maganda ya zamani kwa asidi ya betri wajue kwamba asidi inaweza kung'oa zinki na kuacha shaba tupu yenye vitundu vidogo. Doa la rangi ya waridi juu ya letoni ya manjano ndiyo alama yake, na mahali penye doa hilo pamekwisha nguvu.

Sasa tuje kwenye rivolva zenyewe. Kartushi ya .357 Magnum ilitolewa Marekani mwaka 1935 na kampuni ya Smith & Wesson ikishirikiana na Winchester, na .44 Magnum ikafuata mwaka 1955. Zote mbili zilitokana na kartushi zilizokuwepo, .38 Special na .44 Special, ambazo ganda lake lilirefushwa milimita 3 na kidogo. Urefu huo haukuongezwa kwa ajili ya nafasi ya baruti, kwani nafasi ilikuwepo tele. Uliongezwa ili kartushi mpya isiweze kuingia katika silaha ya zamani isiyoweza kuistahimili. Kikomo cha Marekani cha .38 Special ni shinikizo la paundi 17,000 kwa inchi ya mraba, na cha .357 Magnum ni 35,000, sawa na baa 2,400 hivi. Tairi la gari dogo hujazwa baa mbili na ushee. Mwenye rivolva hiyo anashika mkononi shinikizo la mara elfu moja ya tairi, ndani ya silinda ambayo ukuta wake, pale penye wembamba zaidi, ni wa milimita chache tu.

Ndiyo maana wapigaji wa shabaha katika nchi zinazoruhusu jambo hili hupenda kartushi ya kasi ya wastani. Risasi ya .44 Magnum yenye uzito wa gramu 15.6 ikitoka kwa kasi ya mita 430 kwa sekunde hubeba nishati ya juli 1,400 hivi. Ikishushwa hadi mita 270, nishati inabaki juli 570. Teke la silaha hupungua, kishindo hupungua, mkono hauogopi, na shabaha huwa nzuri zaidi. Lakini juli 570 bado ni nishati inayozidi kidogo ile ya kartushi ya kawaida ya bastola ya milimita 9. Neno "wastani" hapa lina maana kwa bega na kiganja cha mpigaji. Kwa anayepigwa halina maana yoyote.

Hatari inajificha katika nafasi tupu. Maganda haya yana asili ya enzi ya baruti nyeusi, ambayo ilihitaji chumba kikubwa. Baruti ya kisasa isiyotoa moshi ina nguvu zaidi kwa ujazo ule ule, kwa hiyo kipimo cha wastani cha baruti iwakayo upesi hukaa chini kabisa ya ganda na kuacha sehemu kubwa ikiwa tupu. Matokeo yake ni kwamba kipimo kikiwekwa mara mbili kwa bahati mbaya, ganda linakimeza bila kufurika, risasi inabanwa juu yake, na hakuna jicho wala kidole kitakachotambua tofauti. Shinikizo haliongezeki mara mbili tu katika hali hiyo. Linaongezeka kwa kasi zaidi, kwa sababu baruti huwaka haraka zaidi kadiri inavyobanwa na gesi yake yenyewe. Rivolva iliyopasuka kwa namna hiyo hupasukia juu: kuta za vyumba vya juu vya silinda hufunguka na daraja la chuma lililo juu yake hung'oka, karibu kabisa na kipaji cha uso cha mpigaji.

Kuna upande wa pili. Baruti ikiwa chache mno, au kiwashio kikiwaka bila baruti, risasi husukumwa nusu ya njia na kukwama ndani ya mtutu. Mpigaji husikia mlio hafifu, hudhani kartushi ni mbovu, huvuta tena. Risasi ya pili inaikuta ya kwanza imeziba njia, na mtutu unavimba au kupasuka. Mlio dhaifu usio wa kawaida ni amri ya kuacha kupiga, kufungua silinda na kumwita fundi mwenye kibali, hata kama mpigaji anaamini anajua kilichotokea.

Na si kila baruti inakubali kupunguzwa. Baruti za polepole zilizotengenezwa kwa ajili ya magnum zinahitaji shinikizo la kutosha ili ziwake sawasawa. Kampuni ya Hodgdon, inayouza baruti yake iitwayo H110, huonya kwamba kipimo chake kisishushwe zaidi ya asilimia 3 chini ya kile cha kitabu. Chini ya hapo uwakaji huwa wa kubahatisha, mara risasi inakwama, mara inatoka. Anayesema "nitatia nusu, niwe salama" amechagua bila kujua baruti isiyotaka kutiwa nusu. Vibaya zaidi ni anayemwaga baruti kutoka katika kartushi za bunduki za kivita na kuihamishia kwenye ganda la rivolva: rangi na umbo la punje havisemi chochote juu ya kasi ya uwakaji, na hakuna fundi duniani anayeweza kuitambua baruti kwa kuitazama.

Wanaofanya kazi hii kihalali, Ubelgiji au Marekani au Afrika Kusini, huifanya kwa mizani inayosoma hadi sehemu ya kumi ya greni, yaani miligramu 6.5, kwa kitabu cha vipimo cha kiwanda kilichotengeneza baruti ile ile, na kwa kifaa cha kupima kasi ya kila risasi. Hata hivyo kasi si shinikizo, shinikizo hawalioni. Wanaliamini kwa kuwa kiwanda kimelipima katika mtutu wa majaribio. Ukiondoa kiwanda na kitabu chake, kinachobaki ni kukisia.

Inafaa nitaje pia bunduki za kienyeji, zile za pupu zinazotengenezwa kwa bomba na kupewa kartushi za kaliba 12. Kaliba 12 ya kawaida ina kikomo cha baa 740 kwa kanuni za CIP, tume ya kimataifa ya majaribio ya silaha iliyoanzishwa mwaka 1914. Ni kidogo ukilinganisha na magnum, lakini bomba la maji halikuundwa kwa ajili hiyo, na mshono wake ndio unaofunguka kwanza. Kartushi iliyojazwa upya kwa vijiko ndani ya bomba kama hilo huunganisha mambo mawili yasiyojulikana, na mwindaji anayesema "imepiga miaka yote" anaeleza tu kwamba chuma chake bado hakijachoka.

Kwa upande wa sheria, jambo si gumu kueleza. Nchini mwetu Kongo silaha na risasi zinasimamiwa na Ordonansi-sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, na kutengeneza, kuuza au kumiliki bila idhini ya mamlaka hakuruhusiwi. Kujaza kartushi nyuma ya nyumba katika mitaa yetu kama Katuba au Ruashi ni utengenezaji, hata zikiwa tano tu, hata zikiwa za kasi ya wastani. Mlinzi mwenye silaha halali anayetaka teke dogo ana njia iliyo wazi: rivolva ya .357 inapokea kartushi ya kiwandani ya .38 Special, na ya .44 Magnum inapokea .44 Special. Kinyume chake hakiruhusiwi wala hakifai kujaribiwa.

Risasi ya timazi, ile metali laini na nzito iitwayo plomb kwa Kifaransa, nayo ina madhara yake hata isipopigwa. Timazi huyeyuka kwa nyuzi 327, joto ambalo mbabula wa makaa hulifikia kwa urahisi, na wako wanaoyeyusha katika sufuria inayorudi jikoni jioni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha timazi katika damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama. Sufuria iliyoyeyushiwa timazi haisafishiki. Itobolewe na kutupwa.

Nimalizie na wanunuzi wa mitraye, kwa sababu maganda mengi yanayofika mjini hupitia mikononi mwao na kuishia kwenye tanuri za mafundi wa kuyeyusha. Kartushi nzima ikichanganyika na maganda matupu ikaingia motoni, baruti yake huwaka karibu na nyuzi 170 au 200, muda mrefu kabla letoni haijayeyuka. Kwa kuwa hakuna mtutu wa kuielekeza, risasi yenyewe haiendi mbali. Kinachoruka ni vipande vya ganda na kiwashio, vyepesi na vikali, navyo hutosha kupofusha. Kartushi kubwa za kivita ni jambo lingine kabisa, maana baadhi zina kemikali ya kuwasha moto au ya kulipuka ndani ya risasi, nazo hazipaswi kuguswa.

Gunia la maganda limwagwe chini na kutazamwa moja moja kabla ya kupimwa kwenye mizani. Wengi hutazama kitako na kusema kwamba kiwashio chenye alama ya kugongwa kimeshapiga. Hilo halitoshi, kwani kiwashio kinaweza kugongwa kisiwake, na kartushi hiyo ikabaki hai kwa miaka. Kinachotazamwa ni mdomo: ukiwa wazi na unaona ndani mpaka chini, ni ganda tupu, ukiwa umezibwa na risasi, au umekunjwa kama ua, kartushi ni nzima, alama iwepo isiwepo. Isifunguliwe kwa koleo, isigongwe, isirudishwe kwenye gunia, isipelekwe kituoni kwa pikipiki. Iachwe palipo, watoto waondolewe, na polisi waitwe waje kuichukua.