Je, wajua uzito wa kilo ya nyama unatoka wapi?

Umeenda buchani, umepimiwa kilo moja, mshale wa mzani umetulia. Sasa tuikatekate nyama hiyo hadi pale kisu kisipofika: molekuli, atomu, kisha kiini cha atomu chenye protoni na nyutroni. Elektroni za nje tuziache; zote kwa pamoja hazifiki nusu gramu.

Wengi wetu shuleni tuliishia hapo. Lakini mwaka 1964 wanafizikia Murray Gell-Mann na George Zweig, kila mmoja kivyake, walisema protoni nayo ina vipande ndani yake. Gell-Mann akaviita kwaki. Wanafizikia wengi waliona hizo ni hesabu za karatasini tu, mpaka mwishoni mwa miaka ya 1960, huko Stanford, California, elektroni ziliporushwa kwa kasi kubwa kwenye protoni. Baadhi zilipinda ghafla, kama kisu kilichogonga kokwa ndani ya embe.

Protoni ina kwaki mbili za juu na moja ya chini (majina tu hayo, hayaonyeshi mahali). Nyutroni ina moja ya juu na mbili za chini.

Haya, jumlisha uzito wa kwaki zote za kilo ile, au tungamo, kama angesisitiza mwalimu wa fizikia. Unapata gramu 11 hivi: vijiko viwili vya chai vya chumvi! Muuza nyama hajakupunja. Kwaki zimebanwa mahali padogo mno, hazitulii, zinakwenda mbio karibu na kasi ya mwanga, na zinazozishika ni gluoni, ambazo zenyewe hazina uzito. Mbio hizo na mvutano huo ni nishati, na kwa kanuni ya Einstein, E = mc², nishati iliyofungiwa ndani ya protoni mzani unaisoma kama uzito. Kwa hiyo chembe ya Higgs, iliyotangazwa Geneva mwaka 2012 na kusifiwa kwamba ndiyo inayovipa vitu vyote uzito, hapa inadai zile gramu 11 na vichembe vya elektroni tu.

Na kwaki moja huwezi kuichomoa. Ukiivuta, nguvu inayoishika hailegei kwa umbali, na nishati unayotumia hatimaye huzaa kwaki nyingine pamoja na kinyume chake. Ni kama kutaka ncha moja tu ya kamba: ukikata, unabaki na kamba mbili, kila moja na ncha zake mbili.