Mti wa nasaba wa matumbawe: angalia panda, usiangalie ncha

Tangu tubandike lile bango lenye mchoro wa mti wa nasaba wa matumbawe (unaoonyesha nani ni ndugu wa nani) simu haziishi, wengi wanauliza mbona jina la tumbawe la Favia limebadilika, wengine eti tunabadilisha majina makusudi ili vibali vya kusafirisha matumbawe nje vikwame. Hapana jamani.

Ule mchoro sio ngazi ya vyeo. Aliye juu hajaendelea kuliko wa chini, ukiyageuza matawi kwenye panda (pale tawi linapogawanyika) mti unabaki uleule. Cha kuangalia ni pale yanapoachana, hapo ndo alipokuwa babu yao. Rudi nyuma kutoka kwenye ncha, wanaokutana mapema ndo ndugu wa karibu, hata kama kwenye karatasi wamewekwa mbalimbali.

Kwa hiyo tumbawe gumu lina undugu wa karibu na anemoni (yule wanamojificha samaki) kuliko na tumbawe laini. Heliopora, lile la buluu, lina mifupa migumu kabisa ila ukoo wake ni wa matumbawe laini, na Millepora linalowasha ukiligusa liko upande wa konyeza. Mtu bado ananiambia "lakini linafanana". Kufanana sio undugu, nimesema mpaka nimechoka!

Zamani walipanga koo kwa kuangalia mifupa, vile vikombe na kuta zake. DNA ilipokuja ikaonekana Favia wa Atlantiki na waliokuwa wanaitwa Favia huku Bahari ya Hindi hawana undugu wa karibu, basi jina likabaki kule, wa kwetu sasa ni Dipsastraea.

Tukija kwenye vibali, CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini) inaweka matumbawe magumu yote Kiambatisho cha II, yaani orodha ya vinavyohitaji kibali kusafirishwa nje, pamoja na Heliopora na Millepora, hivyo usije na hoja kwamba "hili sio tumbawe la kweli" ili upite. Forodhani inaangaliwa orodha, sio mti. Visukuku havimo. Kibali cha kusafirisha nje unaomba kabla, kinataja jina la kisayansi na idadi au kilo, hakizidi miezi 6, na unabeba orijino, fotokopi haitambuliki. Bila hicho mzigo unaweza kutaifishwa na kesi juu. Kipande cha zawadi kwenye begi? Uliza kwanza.

Na ukiona kibali chako kimeandikwa jina la zamani kirudishe kirekebishwe kwa muhuri na saini, usikwangue mwenyewe ukaandika juu yake, karatasi iliyokwanguliwa haipokelewi.